Beatrice Tinsley: aliyewaambia wakubwa kwamba galaksi nazo huzeeka

Leo tuache kidogo siasa na mpira, vipo tu, havikimbii. Kuna mama mmoja nimekuwa nikitaka kumleta hapa siku nyingi, na kila nikianza kuandika umeme unakatika.

Nianzie mbali kidogo. Mwaka 2024 kikundi cha wataalamu wa nyota kilitangaza kwamba kimekuta galaksi ambayo ilikuwa imeshaacha kuzaa nyota wakati ulimwengu wenyewe ukiwa na umri wa miaka milioni 700 hivi. Ulimwengu leo una miaka bilioni 13.8. Piga hesabu: kama ulimwengu ni mzee wa miaka 80, basi galaksi hiyo ilifunga uzazi mzee akiwa mtoto wa miaka minne. Waliipima kwa darubini ya anga ya James Webb, ile iliyorushwa siku ya Krismasi mwaka 2021.

Sasa swali la mtu mwenye akili zake: wamejuaje kwamba imeacha kuzaa? Mwanga wake umesafiri miaka bilioni 13 mpaka kutufikia, na kwenye picha ni kidoa tu, hata punje ya mchele ina sura zaidi. Hakuna aliyekwenda kuuliza. Jibu ni kwamba wanausoma mwanga wake kwa mahesabu ambayo mizizi yake inarudi kwa mwanafunzi mmoja wa Texas mwaka 1966, mama wa nyumbani kwa cheo alichopewa na jamii, aliyekuwa akisafiri kama kilomita 300 kwenda chuo. Jina lake Beatrice Tinsley.

Alizaliwa Chester, Uingereza, tarehe 27 Januari 1941, vita vikiwa vimepamba moto. Jina la ukoo wa baba ni Hill. Walikuwa mabinti watatu, yeye wa katikati. Mwaka 1946 familia ikahamia New Zealand, na baada ya kupita Christchurch wakaweka makazi New Plymouth, mji wa pwani chini ya mlima Taranaki. Baba yake alikuwa mchungaji, baadaye akawa meya wa mji huo. Nyumba ya dini, siasa na muziki. Binti alipiga fidla vizuri kiasi kwamba angeweza kabisa kuishia huko, lakini hesabu zikamshinda nguvu. Akasoma fizikia Chuo Kikuu cha Canterbury, Christchurch, mpaka shahada ya pili kwa daraja la kwanza.

Mwaka 1961 akaolewa na mwanafizikia mwenzake, Brian Tinsley. Hapo ndipo mambo yalipoanza kukunjamana. Mume alikuwa na kazi pale chuoni, na kwa utaratibu wa enzi zile mke hakuweza kuajiriwa mahali hapo hapo. Yaani siku ya harusi ndiyo siku mlango wa ofisi ulipofungwa. Mwaka 1963 mume akapata kazi kwenye kituo cha utafiti Dallas, Marekani, wakahama. Kituo hicho baadaye kiligeuka kuwa Chuo Kikuu cha Texas cha Dallas. Mume ana maabara, mke ana jiko.

Hakukaa jikoni. Mwaka 1964 akajiandikisha shahada ya uzamivu kwenye chuo kikuu kilichoko Austin. Kutoka Dallas hadi Austin ni kama Dar hadi Kilosa, na yeye akawa wa kwenda na kurudi. Akamaliza kwa muda mfupi wa kushangaza, mwishoni mwa 1966. Mwaka huo huo yeye na mumewe wakaasili mtoto wa kiume, na mwaka 1968 wakaasili wa kike.

Sasa tuje kwenye hiyo kazi yenyewe, maana ndiyo habari. Nitajitahidi nisiwachoshe.

Wakati ule mkubwa wa fani alikuwa Allan Sandage, mtu wa California, mrithi wa Edwin Hubble, mwenye nafasi kwenye darubini ya Palomar yenye kioo cha mita 5, kubwa kuliko zote za maana duniani enzi hizo. Sandage alitaka kujua jambo moja zito: ulimwengu unapanuka, sawa, lakini upanukaji huo unapungua kasi kiasi gani? Je, siku moja utasimama na kujirudi, au utaendelea milele? Njia aliyotumia ilikuwa safi. Alichukua galaksi kubwa zenye umbo la yai, zile zinazokaa katikati ya makundi ya galaksi, akazifanya kama taa za kupimia umbali.

Aliyekulia Mwanza, Kigoma au pwani ataelewa haraka. Usiku wavuvi wa dagaa wanawasha karabai. Wewe uko ufukweni. Kama karabai zote zina nguvu sawa, ile hafifu iko mbali na ile kali iko karibu, basi unaweza kuchora ramani ya mashua zote bila kulowa miguu. Sandage alifanya hivyo kwa galaksi. Yeye na wenzake walichukulia kwamba taa hizo, kwa muda wote unaohusika, hazibadiliki sana.

Tinsley akauliza: mafuta je?

Maana karabai inapungua nguvu mafuta yakiisha. Na galaksi ina nyota, na nyota zinakufa. Juu ya hapo kuna jambo la pili, na hili lisome taratibu: mwanga una kasi yenye kikomo, kwa hiyo galaksi ya mbali tunaiona ilivyokuwa zamani, ikiwa bado kijana. Kama ujana wake ulikuwa na mwanga mkali zaidi, basi itaonekana kali kuliko inavyostahili kwa umbali wake, na wewe utadhani iko karibu. Ramani yako yote inapinda. Tinsley alionyesha kwa hesabu kwamba mpindo huo ni mkubwa sawa na kitu chenyewe Sandage alichokuwa akijaribu kukipima. Kwa maneno mengine, majibu ya mzee hayakuwa yanasema lolote la uhakika juu ya hatima ya ulimwengu mpaka kwanza ujue galaksi zinazeeka vipi.

Fikiria uzito wa hilo. Binti wa miaka ishirini na kitu, hana ajira ya kudumu, hana darubini, anamwambia mtu mwenye darubini kubwa kuliko zote kwamba kipimo chake kina tatizo. Haikupokelewa kwa vigelegele. Ubishi ulichukua miaka, Sandage hakukubali kirahisi, na mimi simlaumu sana, maana alikuwa ametumia miaka mingi ya maisha yake kwenye baridi ya mlimani usiku. Lakini taratibu fani nzima ikahamia upande wa mama huyu. Leo hakuna anayepima galaksi za mbali akasahau kuzirekebisha kwa umri.

Alijuaje kiasi cha kuzeeka? Hapa ndipo kuna ujanja. Chukua galaksi kama kijiji. Mwaga nyota kwa uwiano: chache kubwa sana, za wastani kiasi, ndogo nyingi mno. Zile kubwa ni za buluu, zinawaka kwa fujo na kufa ndani ya miaka milioni chache tu. Jua letu ni la kati, umri wake kamili ni kama miaka bilioni 10. Zile ndogo nyekundu zinaishi muda mrefu zaidi ya umri wa ulimwengu. Sasa kwa kila hatua ya wakati, hesabu nani amekufa, nani amevimba na kuwa jitu jekundu, nani amezaliwa upya kutokana na gesi iliyobaki, halafu jumlisha mwanga wa wote. Unapata rangi na ukali wa kijiji kizima kwa umri huo. Sogea hatua nyingine, rudia. Akafanya hivyo kwa kompyuta za miaka ya sitini, ambazo simu yako ya mkononi inazicheka.

Ukishakuwa na hesabu hiyo unaweza kuigeuza kinyumenyume. Ukipewa mwanga, unatafuta umri. Ni kama kuingia kijijini ukakuta wazee na watu wazima tu, hakuna hata kilio cha kichanga. Hujauliza mtu, lakini unajua uzazi ulikoma miaka mingapi iliyopita kwa kumtazama aliye mdogo kuliko wote.

Ndivyo wanavyofanya kwa darubini ya Webb. Mwanga wa galaksi unapasuliwa kama upinde wa mvua, kisha wanatafuta mistari. Gesi moto inayozunguka nyota changa hutoa mistari inayong'aa. Isipoonekana, hakuna vichanga. Halafu wanaangalia mistari myeusi ya haidrojeni. Ikiwa mizito, maana yake mwanga mwingi unatoka kwa nyota za wastani ambazo haziishi zaidi ya miaka bilioni moja au mbili. Yaani vichanga hakuna, vijana wapo: kijiji kimefunga uzazi juzijuzi tu. Galaksi za namna hiyo wataalamu wanaziita tulivu. Zimetulia, hazizai.

Kwa nini lazima darubini iwe angani? Kwa sababu ulimwengu unapopanuka unauvuta mwanga. Ule uliotoka ukiwa buluu unatufikia ukiwa infraredi, na hewa yetu inazuia sehemu kubwa ya infraredi, na yenyewe inang'aa kwenye miali hiyo hiyo. Ni kama kusikiliza mnong'ono ukiwa kituo cha daladala. Webb iko kama kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, kioo chake kina upana wa mita 6.5, na ndani yake kuna chombo chenye vidirisha vidogo karibu robo milioni vinavyofunguka kimoja kimoja, ili usome galaksi nyingi kwa mkupuo bila mwanga kuchanganyika.

Mwaka 2023 timu ya Edinburgh ikasoma kwa Webb galaksi iitwayo GS-9209. Ina nyota zenye uzito wa majua kama bilioni 40, na iliacha kuzaa ulimwengu ukiwa na miaka kama milioni 800. Katikati yake kuna dalili za shimo jeusi kubwa kupita kiasi, na wengi wanashuku ndilo lililopasha moto au kufukuza gesi, uzazi ukakatika. Mwaka 2024 timu ya Melbourne ikatoa nyingine, ZF-UDS-7329, ambayo walikuwa wameihangaikia kwa miaka kadhaa na darubini kubwa za ardhini bila kupata jibu. Webb ikaonyesha kwamba nyota zake ni nzee mno kwa wakati wake. Hizi zinawasumbua watu wa nadharia kwelikweli, maana kwa mahesabu mengi galaksi kubwa hivyo hazikutakiwa kuwa zimekamilika mapema hivyo. Je, nadharia ina kasoro, au zile hesabu za nyota kubwa na ndogo ndizo zinahitaji kuguswa? Ubishi ni ule ule wa karabai na mafuta.

Turudi Texas, maana huko hakukuwa kuzuri.

Miaka hiyo Tinsley aliishi maisha ya kuungaunga. Kazi za muda, safari za utafiti California na Maryland, kurudi nyumbani kwa watoto. Na bado alikuwa akitoa makala za kisayansi kama mtu mwenye idara nzima nyuma yake. Mwaka 1974 yeye na wenzake watatu wa kiume waliunganisha vipimo vyote vilivyopatikana wakati huo na kuhitimisha kwamba ulimwengu utapanuka milele. Mwaka uliofuata yeye na James Gunn wakaenda mbali zaidi, wakaandika kwamba data ya wakati huo ingeweza kusomeka kama ulimwengu unaoongeza kasi. Msinielewe vibaya, hawakuwa wamethibitisha, na wenyewe walijaa tahadhari. Ushahidi wa kweli ulikuja mwaka 1998 kwa njia nyingine, ya nyota zinazolipuka. Lakini kuwa na ujasiri wa kuliweka wazo hilo mezani mwaka 1975 si mchezo.

Mwaka 1974 huo huo chama cha wanaastronomia wa Marekani kikampa tuzo ya Annie J. Cannon. Na pale Dallas? Chuo kilimwomba achore mpango wa idara mpya ya astronomia. Akauchora. Kisha akaomba kuiongoza. Barua yake haikujibiwa. Hawakumwambia hapana, hawakumwambia subiri. Kimya tu. Wale mliowahi kutembeza bahasha ya kaki mnajua kimya hicho kinavyokaa tumboni.

Yale walimtaka. Ila Yale iko Connecticut, ng'ambo ya nchi, na mume kazi yake iko Dallas. Ndoa ilikuwa imeshachoka. Wakaachana, na mwaka 1975 akaanza kazi Yale. Watoto wakabaki na baba yao. Mkubwa alikuwa na miaka kama tisa, mdogo hata shule hajazoea vizuri.

Najua hapa sehemu ya maoni itawaka moto, na wengine mmeshaanza kuandika kabla hamjamaliza kusoma. Mimi nitasema langu kisha niendelee. Baba angefanya vile vile, akahamia mji mwingine kufuata kazi, habari yake isingekuwa na aya hii. Lakini pia sitaki kuifanya nyepesi. Barua alizowaandikia wazazi wake, ambazo baba yake alizitumia kuandika kitabu kuhusu binti yake baada ya msiba, zinaonyesha mtu aliyeumia. Hakuondoka akiruka kwa furaha. Alipasuliwa katikati na utaratibu uliompa mume cheo na mke kazi za vibarua, akachagua upande mmoja, na upande wa pili ukabaki na jeraha mpaka mwisho. Na watoto nao hawakuulizwa.

Pale Yale ndipo alipochanua. Mwaka 1977 yeye na Richard Larson waliandaa mkutano mkubwa kuhusu maendeleo ya galaksi, ambao wengi wanauhesabu kuwa ndio uliolifanya somo hilo lisimame kwa miguu yake. Mwaka 1978 wawili hao wakaonyesha kwamba galaksi zinapogongana huzaa nyota kwa mlipuko, ghafla na nyingi. Mwaka 1980, pamoja na Nelson Caldwell, wakaeleza jinsi galaksi yenye sahani ya nyota inavyoweza kuzimika: mkatie tu akiba ya gesi inayomdondokea kutoka nje, itatumia iliyonayo mpaka iishe, kisha itulie. Wazo hilo bado linatumika leo watu wakijadili kwa nini galaksi zinaacha kuzaa. Wanafunzi walimpenda, mlango wake ulikuwa wazi.

Mwaka 1978 alipata uprofesa, mwanamke wa kwanza kuwa profesa wa astronomia Yale. Mwaka huo huo madaktari wakakuta saratani ya ngozi, ile mbaya inayotembea.

Alipewa tiba, akaendelea kufundisha na kuandika. Saratani ikafika kwenye ubongo, mkono wa kulia ukafa ganzi, asiweze kushika kalamu. Akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, akiwa amelala kwenye zahanati ya chuo. Hivyo ndivyo alivyomaliza makala yake ya mwisho na kuituma. Alifariki tarehe 23 Machi 1981, ana miaka 40, na nyuma yake makala kama 100 katika miaka 14 ya kazi. Ile ya mwisho ilichapishwa Novemba mwaka huo, bila kubadilishwa.

Darubini ya Hubble ilirushwa mwaka 1990, miaka tisa baadaye, kwa hiyo hakuiona, achilia mbali Webb. Chama kile cha Marekani kilianza kutoa tuzo yenye jina lake mwaka 1986. New Zealand nao mwaka 2010 wakaupa mlima mmoja wa Fiordland jina la Mount Tinsley, na kuna kimondo kikubwa kinachozunguka jua chenye jina lake pia. Allan Sandage yeye aliishi hadi mwaka 2010.

Kwa mwenye dakika zimebaki hapo cafe, tafuta picha ya GS-9209. Ni kidoa chekundu kidogo, usitegemee maajabu. Wiki ijayo umeme ukiruhusu nitaleta habari za Vera Rubin, aliyepima jinsi galaksi zinavyozunguka.